Furu wa Ziwa Victoria: wanazaliana na watoto wanazaa, kwa nini bado tunaambiwa ni spishi tofauti?

Kamongo_Mkavu (#1, mleta mada)
Wakuu, salaam.
Kanuni ya darasani tunaijua, ni ya Ernst Mayr, 1942: spishi ni kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao na wasiozaliana na kundi jingine. Mfano wa kila mwaka ni farasi na punda. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, mtoto wao baghala anaangukia 63 na hazai. Hapo hakuna ubishi.
Sasa twendeni Ghuba ya Mwanza, kwa furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Kuna *Pundamilia pundamilia*, dume lake ni la bluu ya kijivu na milia myeusi. Kuna *Pundamilia nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Weka jike wa huyu na dume la yule kwenye tangi moja, watazaliana. Watoto wanazaa, wajukuu nao wanazaa. Kwa kanuni ya Mayr huyo ni samaki mmoja mwenye rangi mbili.
Lakini vitabu vinahesabu furu wa ziwa hili kuwa spishi kama 500. Dai langu: sehemu kubwa ya hizo 500 ni rangi tu. Anayepinga aje na vipimo.

Sahani_ya_Secchi (#2)
Uzi mzuri. Ila mkuu kanuni umeikata katikati. Mayr alizungumzia makundi ya porini, yanapoishi yenyewe. Tangi lenye jike mmoja na dume mmoja halina uchaguzi, kwa hiyo halijibu swali la spishi. Linajibu swali jingine: je, mbegu na yai vinaweza kuungana? Kwa furu jibu ni ndiyo, na litabaki ndiyo kwa muda mrefu sana. Machotara wa samaki wa kundi hili huanza kudhoofika pale tu koo mbili zinapokuwa zimetengana kwa mamilioni ya miaka.
Angalia porini kukoje. Kisiwa cha Makobe maji ni angavu, sahani ya Secchi (sahani inayoteremshwa majini kupima uangavu) inapotea machoni baada ya mita mbili na zaidi. Hapo bluu wanakaa kwenye mawe ya kina kifupi, wekundu wanakaa chini yao, na wa katikati ni adimu sana. Nenda Luanso, ndani kabisa ya ghuba, sahani inapotea kwenye nusu mita. Hapo hukuti makundi mawili. Unakuta mfululizo mmoja kutoka bluu mpaka wekundu hafifu, wote wamechanganyika. Samaki wa visiwa vya Python na Kissenda wako katikati, kwa uangavu wa maji na kwa idadi ya machotara.
Kama ingekuwa rangi tu ndani ya spishi moja, Makobe pangefanana na Luanso.

Meno_ya_Koo (#3)
Naunga mkono #2 kwa sehemu, ila naona mnakimbilia rangi kwa sababu inaonekana. Fungueni mdomo wa samaki. Furu ana taya la pili kooni, na hilo ndilo linalosaga chakula. Taya la mbele likawa huru kubadilika kwa ajili ya kukamata tu. Ndiyo maana ziwa moja lina wanaovunja konokono, taya la koo nene na meno butu kama kokoto. Wanaokwangua mwani kwenye mawe, meno madogo mengi yamepangwa safu kwa safu. Wanaonyofoa magamba ya wenzao. Na wanaomgonga jike kichwani mpaka ateme vifaranga, kisha wavimeze.
Hata hao Pundamilia wawili hawali sawa. Wa bluu hula zaidi mabuu ya wadudu kwenye mawe, mwekundu huelea kidogo akila viumbe wadogo wa majini. Chakula kwanza, rangi inafuata.

Kamongo_Mkavu (#4)
#2, hilo la Makobe nalielewa. Lakini kutenganishwa na kina cha maji kunaweza kuwa makazi tu. Nani alithibitisha kwamba jike ndiye anayechagua, na kwamba anachagua kwa rangi? Nipe hatua za jaribio.

Sahani_ya_Secchi (#5)
Hatua ni hizi. Jike aliyeiva mayai anawekwa katikati ya tangi. Pembeni, nyuma ya vizuizi vya uwazi, kuna dume mmoja bluu na mmoja mwekundu wenye ukubwa unaokaribiana, maana dume mkubwa hupendwa kwa ukubwa wake na hapo unapima kitu kingine. Unahesabu mara ngapi kila dume anamchezea jike, na mara ngapi jike anaitikia kwa kumsogelea. Kigezo ni uwiano, si dakika alizokaa upande mmoja, kwa sababu jike mwoga hujibanza pembeni na ukadhani amependa.
Kisha unabadili taa. Chini ya mwanga mweupe majike walichagua dume wa spishi yao. Chini ya taa ya rangi moja ya chungwa, ambapo bluu na nyekundu hazitofautiki tena, uchaguzi ulipotea. Matokeo hayo yalichapishwa 1998, na mwaka mmoja kabla yake Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walikuwa wameshaonyesha ziwani kwamba pale maji yanapochafuka, aina za furu hupungua.
Sababu ya kifizikia: chembe zinazoelea hunyonya mawimbi mafupi ya mwanga. Ukishuka, bluu inaisha, kinabaki njano na nyekundu. Jeni ya LWS, inayotengeneza opsini (protini ya jicho inayonasa mwanga) ya mawimbi marefu, ina matoleo mawili makuu Makobe. Wa juu wana moja, wa chini wana jingine. Jicho la samaki wa chini huona nyekundu vizuri, kwa hiyo dume mwekundu ndiye anayeng'aa huko. Mwaka 2008 hoja hiyo yote ilijengwa pamoja: mwanga unabadili jicho, jicho linabadili uchaguzi, uchaguzi unagawa spishi.

Binti_Ukara (#6)
Samahani #5, mnyororo wako una kiungo kimoja cha kuhojiwa. Unasema jicho linabadili uchaguzi kana kwamba upendeleo wa jike umeandikwa kwenye jeni. Kuna jaribio la kubadilishana vifaranga. Furu jike hulea mayai mdomoni, kwa hiyo unaweza kumtoa mayai muda mfupi baada ya kutaga, ukampa mama wa spishi nyingine aliyetaga siku zinazokaribiana. Analea bila kujua. Majike waliolelewa hivyo walipokua walipendelea madume wa spishi ya mama mlezi. Yaani mafunzo ya utotoni yana nguvu.
Hapo sijui mtaita spishi ya jeni au spishi ya malezi.

Sahani_ya_Secchi (#7)
Nalijua hilo, na linasaidia kutenganisha badala ya kuzuia. Mtoto anayejifunza kwa mama hukaa upande wa mama. Lakini halielezi kwa nini rangi zinafuata kina kisiwa baada ya kisiwa. Tena kuna jaribio la 2017: samaki walikuzwa chini ya mwanga wa kina kifupi au wa kina kirefu, na kila spishi ilinusurika vizuri zaidi kwenye mwanga unaofanana na wa kwake. Malezi peke yake hayaui samaki.

Mchanga_wa_Nabugabo (#8)
Mnajadili namna, tujadili muda. Mashimo yaliyochimbwa kwenye tope la ziwa yalionyesha udongo wa nchi kavu chini ya tope la sasa. Mwaka 1996 Thomas Johnson na wenzake walitangaza kwamba ziwa lilikauka, na lilijaa upya yapata miaka 14,700 iliyopita kwa kalenda. Ziwa hili ni pana, km² 68,800, lakini halina kina, halifiki hata mita 90. Ukame wa kutosha unalimaliza.
Pigeni hesabu. Spishi moja ikigawanyika mbili, mbili nne, unahitaji migawanyiko tisa kufika 512. Miaka 14,700 gawanya kwa tisa ni kama 1,630 kwa kila mgawanyiko. Kama waliingia koo nne badala ya moja, unahitaji saba tu, miaka 2,100 kila mmoja. Furu huanza kuzaa karibu na mwaka mmoja, kwa hiyo ni vizazi elfu moja na ushee hadi elfu mbili. Ni haraka, lakini haivunji kanuni yoyote.
Na Nabugabo, kule Uganda upande wa magharibi, ilitengwa na ziwa kubwa kwa ukuta wa mchanga miaka kama 4,000 hadi 5,000 iliyopita. Mtaalamu wa samaki Greenwood alieleza mwaka 1965 spishi tano za furu za pale ambazo hakuzikuta Victoria. Kutengwa kijiografia bado kunafanya kazi, wakuu. Maji yakipanda na kushuka, vidimbwi hutengana na kuungana, na huko ndiko spishi huzaliwa.

Meno_ya_Koo (#9)
#8 angalia hoja ya Nabugabo isikuteleze. Kutokuwepo Victoria leo hakuthibitishi kwamba walizaliwa Nabugabo. Wanaweza kuwa walikuwepo pande zote mbili wakafa ziwa kubwa. Halafu mwanabiolojia Geoffrey Fryer alipinga ukame kamili mpaka mwisho: samaki waliobobea hivi kwenye mawe na konokono, alisema, hawawezi kutokea kwa muda huo, lazima palibaki maji mahali.

Mchanga_wa_Nabugabo (#10)
Maji yalibaki, ila si lazima ndani ya bonde. Mito, mabwawa, Ziwa Kivu. Uchambuzi wa vinasaba wa 2003 uliwaunganisha furu wa Victoria na wa Kivu. Fryer alikuwa anapima kasi kwa mizani ya mabadiliko mapya ya jeni, ambayo kweli huchelewa.

Mseto_Asilia (#11)
Na hapo ndipo nilipokuwa nawangoja. Mabadiliko mapya hayakuhitajika. Mwaka 2017 Joana Meier na wenzake walisoma jenomu (vinasaba vyote vya kiumbe) na kukuta furu wote wa eneo la Victoria ni uzao wa uchotara wa kale, kama miaka 150,000 iliyopita, kati ya ukoo wa upande wa Kongo na ukoo wa Nile ya Juu. Koo hizo zilikuwa zimeshatengana muda mrefu sana. Zilipokutana, jeni nyingi zikawa na matoleo mawili tayari yaliyojaribiwa na maisha. Kazi iliyobaki ilikuwa kupanga upya.
Na yale matoleo mawili ya LWS ambayo #5 anayategemea? Moja lilitoka kwa mzazi mmoja, jingine kwa mwingine. Kwa hiyo mwanga haukuyaunda macho hayo pale Makobe, ulichagua tu kilichokuwepo. Mleta mada anahesabu uchotara kama ushahidi kwamba hakuna spishi. Kwa furu, uchotara ndio uliozileta.

Sahani_ya_Secchi (#12)
Sina ugomvi na hilo. Lakini kuwa na malighafi hakusemi ni nini kilichoigawa mara mia tano. Uchotara wa kale uliingia kwenye mito pia, na mitoni hakuna furu mia tano.

Gati_la_Kisumu (#13)
Salamu kutoka Kenya. Mnaposifu uchotara, kumbukeni pia hasara yake. Ngege, *Oreochromis esculentus*, alikuwa ndiye samaki wa soko kabla ya kuletwa sato, *O. niloticus*, miaka ya 1950. Amebaki kwenye maziwa madogo kama Kanyaboli kule Siaya. Sato akiingia huko, wanazaliana, na ngege halisi anayeyuka ndani ya chotara bila mtu kuona amekufa.
Kwa wafugaji: chotara wa perege si jambo la bahati. Dume wa *O. urolepis hornorum* kutoka Zanzibar akipandishwa na jike wa *O. mossambicus* hutoa vifaranga madume karibu wote. Mtafiti Hickling alilipata hilo Malacca, kule Malaysia, akachapisha 1960. Sababu ni mifumo miwili ya kromosomu za jinsia: hornorum dume ni ZZ, mossambicus jike ni XX, kila mtoto anapata Z na X, na huyo anakuwa dume. Geuza wazazi na uwiano unaharibika. Na kama jike wako tayari ana damu ya chotara, utapata majike, bwawa linajaa vifaranga, samaki wanadumaa. Kununua mbegu bila kujua ukoo ndilo kosa linalorudiwa.

Mguu_wa_Mbu (#14)
Kuna kundi ambalo rangi haisaidii kabisa, na makosa yake yanaua watu. *Anopheles gambiae* ilidhaniwa spishi moja. Miaka ya 1960 walipochanganywa maabara, chotara jike alizaa, chotara dume akawa tasa. Hiyo ni kanuni ya Haldane, 1922: jinsia yenye kromosomu mbili zisizofanana ndiyo inayoharibika kwanza. Wakagawanywa: *gambiae* mwenyewe, *arabiensis*, *merus* wa maji chumvi ya pwani, *quadriannulatus* anayependa wanyama, na wengine.
Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Unachukua mguu mmoja wa mbu, unafanya PCR (kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi), unasoma urefu wa kipande kwa jozi besi: *gambiae* 390, *arabiensis* 315, *merus* 466, *quadriannulatus* 153. Mbu akihifadhiwa na unyevu, vinasaba huoza na hupati mstari wowote. Wahifadhi kwenye kichupa chenye silika jeli. Ukikosea spishi unakosea silaha: chandarua humpiga sana *gambiae* anayeuma ndani usiku, *arabiensis* anaweza kugeukia ng'ombe au kuuma nje akabaki.
Kwa hiyo #1, kwenye furu unalalamika wana rangi nyingi mno kwa spishi moja. Kwenye mbu sura moja imeficha spishi kadhaa.

Meno_ya_Koo (#15)
Mkuu #14 umetutoa ziwani ukatuingiza kwenye dimbwi la mbu, lakini safari imelipa.

Binti_Rungwe (#16)
Turudi kwenye samaki, ila maji madogo. Ziwa Kisiba, wengine huliita Massoko, Rungwe. Ni la volkano, kipenyo cha mita 700 tu, hakuna visiwa, hakuna mto mkubwa unaoingia. Ndani yake kuna kifuru cha njano pembezoni na cha bluu chini kwenye giza. Mwaka 2015 Milan Malinsky na wenzake walisoma jenomu za samaki 146. Sehemu kubwa ya jenomu ilifanana, ila walipata maeneo 98 yaliyotofautiana sana, na ndani yake mna jeni za kuona kwenye mwanga hafifu, za homoni na za umbo. Mtengano una umri wa miaka mia tano hadi elfu moja hivi.
Swali kwa #8: huko ukuta wa mchanga uko wapi?

Mchanga_wa_Nabugabo (#17)
Ukuta hauko ndani, unaweza kuwa nje. Wazazi wao wanatoka mto Mbaka. Kama waliingia mara mbili kwa nyakati tofauti, waliokuja baadaye walikuwa wametengwa mtoni kwanza. Ziwa dogo halifuti historia ya kabla yake.

Binti_Rungwe (#18)
Wimbi la pili lingeacha alama jenomu nzima. Hapa tofauti zimejikusanya kwenye maeneo machache ya jenomu. Hiyo inafanana zaidi na uteuzi wa asili unaoendelea huku jeni nyingine zikipita kati ya makundi.

Kamongo_Mkavu (#19)
Nashukuru, nimepata zaidi ya nilichoomba. Bado nauliza kwa vitendo. Mtu yuko kwenye mtumbwi, nyavu imetoka na furu arobaini. Anaanzaje kusema hizi ni spishi ngapi?

Sahani_ya_Secchi (#20)
Kina kwanza. Andika nyavu ilikaa mita ngapi, kwenye mawe au tope, na usome sahani ya Secchi mahali pale pale. Ukichanganya samaki wa mita mbili na wa mita nane kwenye ndoo moja, umeshapoteza nusu ya taarifa.
Kisha piga picha akiwa hai, ndani ya kisanduku chembamba cha kioo chenye maji, mapezi yametandazwa, kadi ya rangi pembeni. Dume aliyetishika hufifia haraka, aliyekufa hubaki kijivu. Majike karibu wote ni wa kahawia, usiwapangie spishi kwa rangi.
Kata kipande kidogo cha pezi, weka kwenye ethanoli ya 95% kabla mwili haujagusa fomalini. Watu huanza na fomalini, halafu wanashangaa jenomu haisomeki. Fomalini hufunga vinasaba na kuvikatakata. Baada ya hapo mwili unaingia fomalini 10%, unaoshwa kwa maji, unahamia ethanoli 70%.
Ndipo maabara: hesabu magamba ya mstari wa ubavu, safu za meno ya ndani, toa taya la koo lisafishwe. Taya hilo lina mtego wake. Baadhi ya furu hunenepesha taya wakikua kwa kula konokono na hubaki na taya jembamba wakikua kwa chakula laini, kwa hiyo unene peke yake hausemi ukoo.

Mseto_Asilia (#21)
Ongeza hatua ya mwisho: linganisha visiwa. Jenomu za Python na Kissenda zina jambo la ajabu. Dume mwekundu wa Python ndugu yake wa karibu ni wa bluu wa hapo hapo, kuliko mwekundu wa Makobe. Inaelekea wa bluu waliingia ghubani, wakachanganyika na wekundu, kisha wakagawanyika tena kuwa bluu na wekundu. Ukipanga kwa rangi unaweka wekundu wote sanduku moja. Ukipanga kwa ukoo, sanduku hilo linavunjika.

Kamongo_Mkavu (#22)
Basi *nyererei* wa Python si *nyererei*?

Mseto_Asilia (#23)
Machapisho ya karibuni yanamwita "anayefanana na nyererei", bila jina rasmi.

Binti_Ukara (#24)
Na ndiyo shida ya majina. Mwanabiolojia Kevin de Queiroz alipendekeza spishi iwe ukoo unaojitegemea kwa wakati, na vile vigezo vingine vyote, kutozaliana, chakula, sura, jenomu, viwe ushahidi unaojitokeza kwa mpangilio wowote. Ni nzuri kwa karatasi. Lakini Luanso koo mbili zilizokuwa mbioni kujitenga zinaonekana kuwa moja. Ukoo unaojitegemea mpaka lini? Kipunji, tumbili wa Mlima Rungwe aliyetangazwa 2005, ana vinasaba vya mitokondria (vinavyorithiwa kwa mama) vinavyofanana na vya nyani wa njano, dalili kwamba walichanganyika zamani, na hakuna anayesema kipunji ni nyani.

Meno_ya_Koo (#25)
Kabla hamjamaliza na vinasaba, tazameni pezi la mkundu la dume yeyote wa hawa. Lina madoa ya chungwa yenye ukingo angavu, saizi ya yai. Jike anataga, anageuka, anayadaka mayai mdomoni kabla mbegu haijayafikia. Dume anatandaza pezi, jike anayanyonya madoa akidhani ni mayai aliyoyasahau, na hapo ndipo anapovuta mbegu. Kila kizazi kinategemea jike aone doa. Kwenye maji ya nusu mita ya Luanso anaona nini?

Sahani_ya_Secchi (#26)
Akiwa karibu anaona doa. Rangi ya dume kwa mbali ndiyo inayopotea, na uchaguzi unaanzia mbali. Mwaka 1927 maji ya wazi ya ziwa yalipimwa Secchi ya mita saba hivi. Mbolea, miti iliyokatwa na maji taka vimeishusha sana. Hoja yangu dhidi ya #11 iko hapo: malighafi ya uchotara haijabadilika tangu 1927, kilichobadilika ni mwanga, na spishi zinaungana.

Mseto_Asilia (#27)
Na sangara je? Kwenye Ghuba ya Mwanza alilipuka miaka ya 1980, na spishi kama 200 zikahesabiwa zimetoweka au zimo hatarini ziwani. Huwezi kuutwisha mwanga upungufu wote.

Sahani_ya_Secchi (#28)
Sangara anakula samaki, hawachanganyi. Waliokwisha kwa sangara zaidi ni wa maji ya wazi na tope. Wa kwenye mawe alishindwa kuwafuata mianyani, na hao ndio wanaopotea kwa maji machafu. Lete takwimu za mawe peke yake tuendelee.